Cate Humwita Rispa Mama

Kwa aliyechelewa kufika, kisa ni hiki. Kemuma ni fundi wa sare za shule mjini Migori, na mumewe Motari ana agroveti, duka la pembejeo na dawa za mifugo, kule Uriri. Wameoana miaka mingi na Mungu hajawapa mtoto. Wakampenda msichana mdogo aitwaye Cate, anayelelewa katika makao ya watoto Homa Bay, wakaomba kumwasili. Wakahojiwa pamoja, wakahojiwa mmoja mmoja, nyumba ikakaguliwa mpaka jikoni. Kisha shirika linalosimamia uasili wa watoto likawaita likawaambia hawafai.

Si wao wote wawili hasa. Ni Kemuma.

Aliyewapa habari hiyo ni Madam Jerusha, afisa wa shirika, mwanamke mpole ambaye hata akikunyima kitu hukunyima kwa sauti ya kukubembeleza. Alieleza kwamba kamati haikuona kasoro katika nyumba wala katika ndoa. Kasoro waliiona kwingine.

"Dada, kamati imeona una wivu," alisema. "Mtoto wa kuasiliwa ana watu wengine moyoni mwake. Wanaogopa hutaweza kumgawana na mtu."

Kemuma aliuliza ni nani aliyesema hivyo. Jerusha akajibu kwamba hawezi kutaja, ila ni mtu anayemjua vizuri. Akaongeza kwamba uamuzi unaweza kupingwa. Wangekaa mbele ya jopo jingine, watu ambao hawakuwamo katika kamati ile ya kwanza, na kila upande ungesikizwa upya.

Kemuma hakuhitaji kutajiwa jina. Jina lilikuwa limeshamkaa kooni tangu aliposikia neno wivu.

Rispa.

Rispa ni mjane wa Mbita, mlezi katika makao yale. Ndiye aliyempokea Cate kutoka kwa wauguzi wa zahanati moja kule Mbita, mtoto ameachwa pale, kitovu bado hakijakauka. Polisi walitafuta ndugu, hakuna aliyejitokeza. Rispa akamfunga mgongoni kwa leso, na mgongoni akakulia. Sasa Cate alikuwa anakimbia na kuuliza maswali, na katika dunia nzima alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita Mama.

Kemuma aliitwa Anti.

Hilo ndilo lililokuwa likimla Kemuma maini. Alikuwa akienda Homa Bay karibu kila wiki, mkoba umejaa. Siku moja alimshonea Cate gauni la kijani lenye kola nyeupe, akamvalisha kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akajitazama, akazunguka mara mbili, akatoka mbio kwenda kumwonyesha Rispa. Kushona ameshona Kemuma, lakini furaha yote ikaenda kumwagwa kwenye mapaja ya mwingine.

Tena walikuwa na lugha yao. Kemuma ni Mkisii, Kijaluo chake ni cha kuuzia sare tu. Rispa na Cate wakianza kunong'onezana na kucheka, yeye hukaa pale na tabasamu la mgeni, akihisi anachekwa.

Wala wivu huo haukuanzia Homa Bay. Kanisani, wifi yake Sheila alipompeleka mtoto wa tatu mbele kuombewa, Kemuma alisimama akaenda chooni akakaa huko mpaka wimbo wa mwisho. Wenzake wa rika lake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa Fundi.

Kwa hiyo siku ile ofisini, hakungoja afike nyumbani. Alimwambia Jerusha pale pale kwamba huyo mlezi wa Homa Bay anamtilia mtoto maneno ya sumu. Alisema Rispa anamfundisha Cate amchukie, anamficha anapokuja, anataka mtoto abaki makaoni ili yeye asikose kazi.

Jerusha aliacha kuandika. "Una hakika? Nikiyapokea haya ni malalamiko rasmi. Yatafuatiliwa."

"Yapokee."

Motari, aliyekuwa kimya muda wote, alikohoa akasema labda waende nyumbani kwanza walitafakari jambo hilo. Kemuma akamtupia jicho moja tu, naye akarudi kwenye kimya chake.

Hivyo wakaomba uamuzi upitiwe upya. Na kama mambo yangeishia hapo, pengine yasingeharibika sana.

Lakini Alhamisi iliyofuata Kemuma alifunga duka, akamwambia msaidizi wake anakwenda kununua vitambaa, akaenda Homa Bay.

Alimkuta Rispa nyuma ya makao akianika nguo. Watoto walikuwa wameketi kwenye mkeka wakinywa uji. Rispa alimwona, akapangusa mikono, akatabasamu kama kawaida yake, na tabasamu lile ndilo lililomtoa Kemuma akilini.

Alimuuliza amemkosea nini. Rispa hakuelewa. Kemuma akamwambia asijifanye mjinga, wamenyimwa mtoto kwa sababu ya mdomo wake.

Rispa aliweka chini beseni. "Mama, mimi waliniuliza habari zako, ni kweli," alisema. "Nikawaambia huyu mpeni mtoto. Anakuja mvua inyeshe, jua liwake. Nikasema hata nikifa kesho, nyathi, mtoto huyu, atakuwa na mtu."

Kemuma alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na watoto wakaacha kunywa uji wakamtazama.

"Wewe ni mtu wa mshahara," alisema. "Umezoea mtoto wa watu mpaka unadhani tumbo lako ndilo lililomzaa. Nikimchukua Cate, wiki moja tu atakuwa amekusahau."

Rispa alimtazama. Ni kama mtu aliyepigwa kofi na bado anatafuta mkono ulikotoka.

Cate alikuwa ameshainuka mkekani, uji umemchafua kidevu. Kemuma akainama, akanyoosha mikono, akaita kwa sauti tamu aliyoweza kuipata. "Cate, njoo. Njoo kwa mama."

Mtoto alimtazama. Kisha akaenda akajificha nyuma ya sketi ya Rispa, akainua uso juu, akasema neno moja la Kijaluo.

"Odhi."

Katika maneno yote ambayo Kemuma hakuyajua, hilo alilijua. Wateja wake hulisema kila siku dukani mbele ya mtu msumbufu. Aende.

Rispa alimbeba mtoto, akamfuta kidevu kwa ncha ya leso. Macho yake yalikuwa yamebadilika. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa kama ya mtu anayekumbuka kitu ambacho angepaswa kukikumbuka zamani.

"Umesema mtoto wa watu," alisema polepole. "Ni watu gani hao?"

Kemuma aligeuka. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Jumamosi, siku yao ya Sabato, baada ya kanisa na chakula cha mchana, alikaa sebuleni akimweleza Motari mpango wake. Angemwomba mchungaji azungumze kwa niaba yake. Angewaleta wanawake wawili wa Dorkasi, chama cha akina mama cha kanisani, waseme jinsi anavyowashonea yatima bure. Jopo likimsikia mchungaji, nani atamjali kibarua wa Homa Bay?

Motari alikuwa amekaa mkao wa mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Alimwacha amalize. Kisha akamwomba amwache Rispa.

"Kwa nini unamtetea?"

"Kwa sababu si yeye."

Moyo wa Kemuma uliruka, lakini uliruka upande usio sahihi. Wazo lililomjia kwanza ni kwamba Motari ana mwanamke Uriri, na mwanamke huyo ndiye aliyekwenda kuwachongea. Akamuuliza wazi. Motari akatikisa kichwa.

"Ni mimi niliyesema," alisema.

Kama angekiri ana mwanamke, Kemuma angejua la kufanya. Angepiga kelele, angeita ndugu, angefungasha nguo. Kwa hili hakuwa na desturi yoyote ya kushika. Alibaki amekaa, mikono mapajani.

Motari alieleza. Siku alipohojiwa peke yake, Jerusha alimuuliza ni jambo gani linalomtia hofu. Akamkumbuka Cate alivyowahi kusinzia begani kwake kule makaoni. Kemuma alikuja akamtoa begani, mtoto akaamka akalia, na bado hakumrudisha. Alimng'ang'ania kifuani mpaka akalala kwa kuchoka kulia.

"Nikamwambia yule madam, mke wangu ana wivu. Kama hata mimi hawezi kunigawia, atamgawia nani?"

"Na ukanyamaza. Nikamtaja Rispa mbele yako, ukakohoa."

"Nilikohoa, ndiyo. Niliogopa." Aliinamisha kichwa. "Na kuna lingine, Kemuma. Nilisema kweli, lakini sikuisema kwa wema. Tangu uanze safari za Homa Bay, mimi nimekuwa mpangaji humu ndani. Unakuja na habari za Cate, unalala na habari za Cate. Siku ile nilipoulizwa, roho yangu ilifurahi kulisema lile neno. Nilimwonea mtoto gere. Mtoto mdogo kama yule."

Kemuma aliinuka akaenda uani akakaa karibu na tangi la maji. Watu walipita barabarani wakitoka kanisani, wakamsalimu, akaitikia vizuri.

Siku zilizofuata, katika nyumba ile yalizungumzwa mambo ya gesi na ya maji tu. Kemuma aliwaza kumwacha Motari. Akagundua kwamba hawezi, si kwa ajili ya mapenzi wala kanisa. Ombi lilikuwa la wote wawili. Mmoja akitoka, linakufa. Alimhitaji mtu yule yule aliyemchimbia shimo.

Alimwomba aende mbele ya jopo aseme alidanganya. Motari akakataa. Alisema atarudia maneno yale yale, kisha atasema na yale aliyoyaacha.

Kuhusu Rispa, Kemuma alijua la kufanya. Alijua sasa kwamba mjane yule alikuwa amemsemea mema, na malipo yake yakawa matusi na malalamiko ya uongo. Alichukua simu ampigie Jerusha ayafute. Akakata kabla haijaita.

Alijiambia atayafuta siku ya jopo, uso kwa uso, ndiyo heshima. Lakini kweli yenyewe aliijua. Kulikuwa na utamu fulani katika kuwaza kwamba Rispa naye sasa anaitwa ofisini, naye anaulizwa kama anafaa. Aonje.

Jopo lilikaa Migori. Walikuwa watu watatu, na mwenyekiti aliitwa Dishon, mwalimu mkuu mstaafu anayeongea taratibu kana kwamba darasa zima linaandika nyuma yake. Jerusha alikaa pembeni.

"Keti, mama," Dishon alimwambia Kemuma, na neno hilo la adabu tu, ambalo huambiwa mwanamke yeyote, lilimchoma.

Motari aliitwa kwanza. Alisema ni kweli alimtaja mkewe kuwa na wivu, na ni kweli anao. Kisha akasema aliyoyaacha. Akasimulia jinsi mama yake mzazi alivyougua nyumbani kwao hadi kufa. Mama huyo alikuwa akimwita Kemuma mti mkavu mbele ya wageni, na Kemuma ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani, wakati binti zake wa kuwazaa wanapiga simu tu.

"Mtu huyu akishapenda haachi," alisema Motari. "Shida yake ni kwamba hapendi kupokezana. Na mimi pia nina wivu, waheshimiwa. Nilimfunika yeye ili wangu usionekane."

Mchungaji alikuwa amekubali kusema, lakini Dishon hakutaka kumsikia bado. Alimgeukia Kemuma. "Mama, umesikia. Je, una wivu?"

Kemuma alikuwa ameandaa hotuba. Alikuwa ameirudia akikata vitambaa, akipiga pasi, akisuka nywele. Hotuba ilianza na neno hapana.

"Ndiyo," akasema.

Hakujua limetokea wapi. Lakini likishatoka lile, mengine yakafuata. Akawaeleza habari za Sheila na choo cha kanisa. Akaeleza anavyovionea kijicho hata vitu vya kijinga, mwanamke anayemfokea mtoto sokoni, kwa sababu ana wa kumfokea. Akaeleza kwamba Cate akicheka kwa lugha asiyoijua, yeye huhisi ameibiwa. Alisema hajui dawa ya jambo hilo. Alichojua ni kwamba mtoto akilia yeye huwa hatoki, na kwamba ameanza kujifunza Kijaluo kwa binti mmoja anayemletea vifungo dukani, na hajamwambia mtu kwa sababu anaona haya.

Motari aligeuka akamtazama. Hilo hakulijua.

Waliambiwa wangoje nje. Walisimama kwenye korido, Motari akamshikia mkoba, naye akamwachia.

Walipoitwa tena, Dishon alikuwa amevua miwani. Alisema jopo limeona kwamba anayeujua wivu wake na kuutaja ana nafasi ya kuutawala. Uamuzi wa kwanza umetenguliwa. Wao wawili wanafaa kuasili mtoto, kwa sharti la kukutana na mshauri wa familia kwa muda.

Kemuma alishika mkono wa Motari bila kukusudia. Machozi yalimtoka, akaanza kuuliza ni lini wanaweza kwenda kumchukua Cate.

"Subiri, mama," alisema Dishon. "Kufaa ni jambo moja. Cate ni jambo jingine."

Alieleza kwamba wakati ombi lao linangoja, ombi la pili limeletwa kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Mwombaji ni mwanamke, mjane, mtu ambaye hakuwahi kuwaza kuomba. Alikuwa akiamini yeye ni mfanyakazi tu na kazi yake ni kumtunza mtoto mpaka mwenyewe aje.

Kemuma alimjua kabla hajatajwa.

"Alipoleta ombi aliulizwa ni nini kilichombadilisha," Dishon aliendelea. "Akasema kuna mtu alikuja akamwambia mbele ya watoto kwamba huyu ni mtoto wa watu. Akasema alikaa akawaza hao watu ni akina nani. Akakosa mwingine zaidi ya yeye mwenyewe. Hakumtaja aliyemwambia. Aliulizwa, akakataa."

Motari aliuachia mkono wa mkewe. Hakuambiwa kuhusu ile Alhamisi, lakini alimjua mkewe.

"Sasa," alisema Dishon, "kuna malalamiko yako dhidi yake. Yalipokelewa rasmi, na hujayafuta. Malalamiko yakisimama, ombi lake halisikizwi, na itabidi aondolewe kwa mtoto mpaka uchunguzi uishe. Hapo ombi lenu litabaki peke yake. Ukiyafuta, analetwa mbele yetu kesho asubuhi, na sitakuficha, mama, amemlea mtoto yule tangu kitovu. Tunataka utuambie hapa hapa. Uliyosema juu ya Rispa, unayasimamia?"

Wajumbe wengine wawili waliinua macho. Jerusha alikuwa ameinamisha yake.

Kemuma alijua kweli ilivyo. Alijua pia kwamba Rispa, alipoketi kwenye kiti kama hiki akaulizwa habari za Kemuma, aliisema kweli yote, bila kupunguza. Ilikuwa rahisi kumlipa kweli kwa kweli. Yalikuwa maneno matatu tu, nayafuta, Rispa anafaa.

Lakini alimwona Cate begani kwa mwanamke yule, wakinong'onezana, wakicheka, leo na kesho na miaka yote, kwa haki na kwa sheria. Akamwona siku moja ameshika mkono wa Rispa sokoni, anapita mbele ya duka la sare, ananyoosha kidole na kusema, yule Anti zamani alikuwa anakuja. 

"Rispa ni mlezi mzuri," alisema.

Dishon akaitikia kwa kichwa kumtia moyo. Motari akashusha pumzi.

"Lakini," akasema Kemuma, na neno hilo likiwa limeshatoka, akaona kalamu tatu zinainuka kwa pamoja kulingoja linalofuata.